Mwezi, jua na upepo: Kwa nini sikukuu huhama?

Idi huja mapema zaidi kila mwaka, Pasaka hupanda na kushuka kati ya Machi na Aprili, na Siku ya Mwaka inayoadhimishwa Makunduchi, Zanzibar, inarudi nyuma polepole bila wengi kutambua. Nyuma ya kila tarehe kuna hesabu, na nyuma ya kila hesabu kuna watu waliohitaji kujua wakati wa kusali, wa kulima au wa kutweka tanga.

Mwaka 2000 ulikuwa na Idi el Fitri mbili. Ya kwanza iliangukia mapema mwezi Januari, na ya pili katika siku za mwisho za Desemba. Jambo linalofanana na hilo litatokea mwaka 2030, pale Ramadhani moja itakapoanza mapema Januari na nyingine kuanza mwishoni mwa Desemba, kabla kalenda ya ukutani haijabadilishwa. Hakuna kosa la hesabu hapo. Ni kalenda mbili zenye urefu usiolingana zinazokwenda sambamba, na ile fupi huipita ile ndefu kila baada ya muda.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi ughaibuni, hilo si fumbo la kujifurahisha tu. Nchini Uingereza, Idi haimo katika orodha ya siku za mapumziko za taifa. Mfanyakazi wa hospitali au wa kiwanda hulazimika kuomba ruhusa wiki kadhaa kabla, kwa siku ambayo yeye mwenyewe hana hakika nayo. Ndugu watatu wa tumbo moja, mmoja akiwa London, wa pili Muscat na wa tatu Mombasa, wanaweza kupigiana simu za kutakiana heri kwa siku mbili mfululizo, kwa sababu mmoja tayari amekwisha kula sikukuu ilhali wengine bado wamefunga.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kutazama vitu vitatu ambavyo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamevitumia kwa karne nyingi kuhesabu siku zao: mwezi, upepo na jua.

Mwezi mwandamo

Kutoka mwandamo mmoja wa mwezi hadi mwingine hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, wala haufiki 31. Miezi 12 ya namna hiyo hutimiza siku 354 au 355, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu haiongezi mwezi wa 13 ili kuziba pengo hilo, Ramadhani huzunguka majira yote na kurejea mahali pale pale baada ya takriban miaka 33.

Kwa mkazi wa Unguja au Dar es Salaam, mzunguko huo hauleti tofauti kubwa, maana karibu na ikweta mchana na usiku hutofautiana kidogo tu mwaka mzima. Lakini kwa aliye kaskazini ya mbali, tofauti ni kubwa mno. Ramadhani ilipoangukia mwezi Juni, katika miaka ya 2015 na 2016, waliofunga mjini London walikaa takriban saa 18 bila kula wala kunywa. Itakapoangukia Desemba, saumu hiyo hiyo itakuwa ya takriban saa 10. Aliyejaaliwa kufunga kwa miaka 33 katika mji mmoja amekwisha kuonja siku ndefu na siku fupi kwa kadiri sawa, na wala hakuna nchi inayopewa majira mepesi milele.

Kiswahili kimeipa kalenda hiyo majina yake chenyewe. Ingawa wanazuoni hutumia majina ya Kiarabu, watu wa pwani waliihesabu miezi mingi kuanzia siku ya kufungua. Mwezi unaofuata Ramadhani, ambao kwa Kiarabu huitwa Shawwal, kwa Kiswahili ni Mfunguo Mosi. Hufuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu, ambao ndio mwezi wa Hija, na hesabu huendelea hadi Mfunguo Tisa. Baada ya hapo huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi ya Mtume huangukia Mfunguo Sita. Kwa hiyo, wakati kalenda ya Kiislamu huuanza mwaka kwa mwezi wa Muharram, kwa hesabu hii ya Waswahili Muharram ni mwezi wa nne tu baada ya saumu.

Mwezi haukuwa wa ibada peke yake. Kila unapoandama na kila unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kukupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Wanawake wanaolima mwani katika fukwe za Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, hupanga kazi zao kwa kufuata bamvua, kwani ndipo maji hukimbia mbali na mashamba yao kuonekana. Wanaotafuta pweza na chaza miambani nao huitazama hesabu hiyo hiyo. Mtu wa pwani akiuliza leo ni mwezi ngapi mwandamo, huenda anaulizia Idi, na huenda anaulizia kitoweo.

Mwezi mmoja, macho mengi

Lakini mbona basi watu wanaotazama mwezi mmoja huadhimisha Idi kwa siku tofauti? Jibu ni kwamba mwezi mchanga hauonekani duniani kote jioni moja. Huonekana kwanza katika sehemu fulani, na kwa kadiri dunia inavyozunguka ndivyo unavyozidi kukua na kuonekana kwa wakazi wa magharibi zaidi. Mawingu nayo huwa na neno lao.

Juu ya hilo kuna tofauti za kifiqhi. Wapo wanaoshikilia kwamba kila nchi ifuate mwezi ulioonekana kwake, na wapo wanaosema kwamba ukionekana popote umeonekana kwa wote. Uturuki hutumia hesabu za elimu ya falaki, ilhali Saudi Arabia husubiri ushahidi wa waliouona na kisha Mahakama Kuu ya nchi hiyo kutangaza. Hata majirani huachana: mwaka 2025, Saudi Arabia ilisherehekea Idi el Fitri Machi 30, na Oman, inayopakana nayo, ikasherehekea Machi 31.

Katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako msikiti mmoja huweza kuwa na waumini kutoka nchi nyingi, mitazamo hiyo yote hukutana chini ya paa moja. Baadhi ya taasisi zimeanza kuzingatia hali hiyo. Mjini New York, kwa mfano, uongozi wa mji ulitangaza mwaka 2015 kwamba shule za umma zitafungwa katika sikukuu mbili za Idi. Hata hivyo, kalenda ya shule huchapishwa miezi mingi kabla, na mwezi mchanga hauisomi.

Mwaka wa upepo

Kalenda ya mwezi ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa kwa mkulima na kwa nahodha. Isingeweza kumwambia lini mvua za masika zitaanza au lini upepo wa kaskazi utageuka, kwa sababu miezi yake haikai katika majira. Nahodha aliyeng'oa nanga katika Mfunguo Mosi wa mwaka mmoja akapata upepo mwema, angeng'oa nanga katika Mfunguo Mosi miaka 15 baadaye na kukabiliwa na upepo wa mbele.

Na upepo ndio uliokuwa uhai wa pwani hii. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi, uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kuanzia Aprili huingia kusi, uliokuwa ukiyarejesha makwao. Kati yake hupita kipindi cha pepo zisizo na uhakika.

Gharama ya kutoujua wakati huo yaonekana wazi katika safari ya Mreno Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyeifahamu Bahari ya Hindi, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kuiona pwani ya India. Lakini aliamua kurudi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijatulia. Safari ya majuma manne ikawa ya karibu miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, na mwezi Januari 1499 alilazimika kuichoma moto mojawapo ya meli zake, São Rafael, karibu na pwani ya Tanga ya leo, kwa kuwa hakubakiwa na watu wa kutosha kuiendesha.

Simulizi iliyoenea husema rubani huyo wa Malindi alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri kutoka Julfar, katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah. Watafiti wengi wa historia wanaikanusha simulizi hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba Ibn Majid aliandika katika karne ya 15 vitabu vya ubaharia ambamo siku za kufunga safari zinatajwa kwa hesabu ya Nairuzi, wala si kwa miezi ya Kiislamu. Hesabu hiyo ndiyo iliyofika pia Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu.

Siku ya Mwaka

Neno Nairuzi limetokana na Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Mwaka wa Nairuzi una siku 365. Watu wa pwani waliugawa katika mafungu 36 ya siku kumi kumi, na kila fungu likaitwa mwongo. Siku tano zilizobaki mwishoni ziliitwa gatha, jina ambalo wafuasi wa dini ya kale ya Kiajemi, Wazoroasta, hulitumia pia kwa siku tano za mwisho wa mwaka wao. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, mvuvi alijua mwongo wa samaki gani, na nahodha alijua mwongo ambao baada yake si busara kuondoka bandarini. Inafaa kukumbuka hilo kila tunaposikia katika taarifa za habari kwamba jambo fulani limedumu kwa muongo mmoja: neno ambalo leo ni la miaka kumi liliwahi kutumika kwa siku kumi.

Hesabu ya namna hiyo haikuwa ya pwani ya Afrika peke yake. Katika Ghuba pia wavuvi na mabaharia walihesabu kwa mafungu ya siku kumi, wakianza pale nyota ya Suheli inapochomoza upya alfajiri katika nusu ya pili ya Agosti, ishara kwamba joto kali linakaribia kupungua.

Siku ya kwanza ya Nairuzi ndiyo Siku ya Mwaka, na mahali inapoadhimishwa kwa shamrashamra kubwa zaidi ni Makunduchi, kusini mashariki mwa Unguja, ambako sherehe huitwa Mwaka Kogwa. Kogwa latokana na kitendo cha kukoga, kwa maana ya kuuosha mwaka uliopita, na kuteremka baharini kukoga kulikuwa sehemu ya desturi hiyo katika miji mingi ya pwani. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa makuti ya migomba hadi wachoke, na yanayosalia ya kinyongo huachwa uwanjani. Kibanda cha makuti hujengwa na kuchomwa moto. Wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kabisa, hupita wakiimba. Kisha watu hula pamoja, na kwa desturi ya hapo haipendezi nyumba kukosa mgeni siku hiyo.

Si mbali na hapo, Kizimkazi, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Maandishi hayo hayaielezi Nairuzi, lakini yanaonyesha jinsi mawasiliano kati ya kusini mwa Unguja na ulimwengu wa Kiislamu ng'ambo ya bahari yalivyo ya kale.

Robo siku iliyosahauliwa

Sasa yafuata jambo linalowashangaza wengi. Nchini Iran, Nairuzi, au Nowruz kama inavyoitwa huko, huadhimishwa Machi 20 au 21, siku ambayo mchana na usiku hulingana. Makunduchi huadhimisha mwezi Julai. Yawezekanaje siku moja ya mwaka mpya ikawa na miezi minne katikati yake?

Sababu ni robo ya siku. Mwaka wa jua si siku 365 kamili, bali ni siku 365 na karibu saa sita. Kalenda ya kale ya Waajemi haikuzihesabu saa hizo sita, hivyo mwaka wake mpya ulirudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Mwaka 1079, wataalamu wa Kiajemi, akiwemo mshairi na mwanahisabati Omar Khayyam, waliirekebisha kalenda hiyo na kuifunga Nairuzi katika siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Lakini hesabu ya kale, isiyo na mwaka mrefu, iliendelea kutumiwa na mabaharia, na pia na Wazoroasta waliohamia India, wanaojulikana kama Waparsi. Wengi wa Waparsi husherehekea mwaka mpya mwezi Agosti.

Waparsi nao waliwahi kuwa na jumuiya yao Zanzibar. Mwana wa jumuiya hiyo anayefahamika zaidi duniani ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, na ambaye baadaye alijulikana kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Kwa hiyo, kisiwa kimoja kidogo kiliwahi kuwa na watu walioufikia mwaka mpya wa asili ya Kiajemi kwa nyakati mbili tofauti.

Je, mabaharia hawakuliona kosa hilo? Huenda jibu limo katika hesabu yenyewe. Siku moja katika miaka minne ni sawa na siku kumi katika miaka 40. Nahodha aliyeanza kazi akiwa kijana na kuiacha akiwa mzee angekuta upepo umesogea kwa mwongo mmoja tu, na pepo zenyewe hutofautiana kwa zaidi ya hapo kati ya mwaka na mwaka. Kila kizazi kiliweza kuirekebisha elimu yake kwa mwongo mmoja na kuikabidhi kwa kizazi kingine. Lakini kwa urefu wa karne, kosa hujikusanya: kwa hesabu hiyo, Siku ya Mwaka inayoangukia katikati ya Julai leo ilikuwa ikiangukia katika nusu ya pili ya Agosti karne moja na nusu iliyopita.

Siku zilizofutwa

Wasifikiri wenye kalenda ya ukutani kwamba wao walisalimika. Kalenda ya Julius Kaisari iliongeza siku moja kila baada ya miaka minne, lakini ikazidisha kidogo, kwa sababu robo ile haitimii saa sita kamili. Kufikia karne ya 16, kosa lilikuwa limefika siku kumi. Mwaka 1582, Papa Gregori wa 13 aliamuru Oktoba 4 ifuatwe na Oktoba 15. Waliolala Alhamisi ya tarehe 4 waliamka Ijumaa ya tarehe 15.

Uingereza, ambayo haikuwa tayari kupokea amri kutoka Roma, ilisubiri hadi mwaka 1752, na wakati huo ikalazimika kufuta siku 11: Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14. Alama ya tukio hilo bado huwafikia Waswahili wanaoishi huko kila mwaka, kwani mwaka wa kodi nchini Uingereza huanza Aprili 6. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwaka wa hesabu za serikali ulikuwa ukianza Machi 25, na watoza kodi hawakukubali kupoteza siku 11 za mapato, hivyo wakausogeza mbele. Baadaye ikaongezwa siku moja zaidi.

Ethiopia haikuifuata kalenda hiyo kabisa. Mwaka wake una miezi 13: 12 ya siku 30, na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba 11, au 12 baada ya mwaka mrefu, na hesabu yake iko nyuma kwa miaka saba au minane. Ndiyo maana nchi hiyo iliadhimisha kuingia kwa mwaka 2000 mnamo Septemba 2007.

Pasaka ni sikukuu inayojaribu kuvitii vitu vyote kwa pamoja: jua, mwezi na juma. Kanuni yake ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofika Machi 21 au baada yake. Kwa hiyo haiwezi kuja kabla ya Machi 22 wala kuchelewa kupita Aprili 25. Makanisa ya Kiorthodoksi hutumia kanuni hiyo kwa kalenda ya zamani. Mwaka 2024, Pasaka hizo mbili ziliachana kwa majuma matano, Machi 31 na Mei 5. Mwaka uliofuata zikakutana siku moja, Aprili 20.

Tano mbili katika juma moja

Hata juma la Kiswahili limebeba historia ya kukutana kwa hesabu mbili. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, na hesabu huendelea kwa namba za Kibantu hadi Jumatano, siku ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma la Kiswahili, basi, lina siku mbili za tano zinazofuatana, na halina ya sita.

Saa nazo huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua, kama ilivyo Ethiopia pia. Kwa desturi ya pwani, siku mpya huanza magharibi. Ndiyo sababu mwezi ukionekana jioni, Idi huwa imekwisha kuingia, na majiko huwashwa usiku ule ule.

Zipo pia sikukuu ambazo tarehe yenyewe ndiyo jina. Saba Saba, Julai 7, nchini Tanzania hukumbusha kuasisiwa kwa chama cha TANU mwaka 1954, na leo yahusishwa na maonesho ya biashara ya Dar es Salaam. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, maneno hayo hayo hukumbusha maandamano ya mwaka 1990 ya kudai mfumo wa vyama vingi. Na wale wanaodhani kwamba Boxing Day, Desemba 26, ni siku ya ndondi, jina hilo limetokana na masanduku ya zawadi waliyopewa wafanyakazi na watumishi wa Uingereza baada ya Krismasi. Wamarekani hawanayo, na Mtanzania anayehamia huko hugundua haraka kwamba siku hiyo hutakiwa kazini.

Kinachoweza kupotea

Kati ya hesabu hizi zote, ile ya mwezi inalindwa na dini, na ile ya jua inalindwa na serikali, benki na shule. Hesabu ya miongo haina mlinzi wa namna hiyo. Majahazi makubwa ya biashara yamepungua, mashua zimefungwa mashine, na mvuvi hupata utabiri wa hali ya hewa kwa simu ya mkononi. Sherehe ya Makunduchi ingali hai na huvutia wageni kutoka nchi nyingi, lakini kushuhudia moto wa kibanda ni jambo moja, na kujua mwongo wa kupanda mtama ni jambo jingine.

Elimu hiyo haikuwekwa katika taasisi yoyote moja. Imo katika vichwa vya wazee wachache wa Unguja, Pemba na visiwa vya Lamu, ambao walifundishwa na baba na babu zao wakiwa chomboni au shambani. Familia za pwani zilizotawanyika kati ya Oman, Uingereza na Marekani, ambazo hupiga simu nyumbani kila mwezi unapokaribia kuandama ili kuulizia Idi, zina nafasi ya kuuliza swali moja zaidi katika simu hiyo hiyo: huko nyumbani, leo ni mwongo wa ngapi? Katika nyumba nyingi jibu halitapatikana. Pale litakapopatikana, yafaa liandikwe, pamoja na jina la upepo unaovuma siku hiyo.